Kiondo Nilichofikisha Kitupu

Mwezi jana tulimzika Ndunge ng'ambo ya milima ya Mbooni, na kwenye karatasi ya programu jina langu lilikuwa limeandikwa chini ya neno "dada". Dada! Mimi natoka Kyuso, yeye alizaliwa Mbooni, na hatuna hata shangazi mmoja wa kushiriki. Nilipewa maikrofoni na dakika tatu. Nikaeleza vile nilifika kwa mama yake nikiwa na miaka kumi na tisa, vile baridi ya Julai ilinitesa, vile niliona ukungu kwa mara ya kwanza nikatoka mbio nikipiga kelele kwamba shamba linaungua. Watu wakacheka, hata pasta akacheka. Nikarudisha maikrofoni, nikakaa kwenye kiti changu cha plastiki. Nilikuwa nimeenda na jambo la kusema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi siku tatu, jikoni kwangu, nikiosha vyombo, na sikulisema. Sasa nimestaafu ualimu, mume wangu alishatangulia, watoto wako Nairobi na Mombasa, na nyumba yangu ina kimya kingi hadi nasikia friji ikijiwasha na kujizima. Basi nitaliandika. Karatasi haitanicheka wala haitanipigia makofi.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu asiye na mafunzo, nimemaliza kidato cha nne, nimetumwa kufundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi huko juu Mbooni. Nilipewa chumba kwa mjane mmoja, mzee wa kanisa, jina lake Kalondu. Kila mtu alimwita Susu, yaani nyanya, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, godoro la nyasi, na dirisha la mbao lisilokuwa na kioo. Ukilifungua unapata mwanga na baridi, ukilifunga unakaa gizani. Kati yangu na sebule kulikuwa na ukuta wa mbao uliofika kimo cha mtu ukaishia hapo. Kwa hiyo nilimsikia Susu akikohoa, akisonga sima, akigombeza kuku, na yeye bila shaka alinisikia nikilia. Nililia sana muhula wa kwanza, wacha niseme ukweli. Alikuwa mama mwembamba, asiye na maneno mengi. Akinipa chakula alisema, "Mwalimu, chakula iko." Nikimaliza alisema, "Mwalimu, weka sahani hapo." Kuanzia Januari hadi Julai hakuniita kitu kingine. Jioni tulikaa moto mmoja, yeye akisuka kiondo, kikapu chake cha katani, mimi nikisahihisha madaftari, na kama kuna mtu angepita nje angefikiri nyumba haina watu.

Jambo la pili lazima nilieleze vizuri, maana bila hilo utaniona mwendawazimu. Kyuso ni nchi kavu. Mvua ikikataa, ndengu zinakauka zikiwa maua, na lori la chakula cha msaada linakuja. Chakula kile tunakiita mwolyo. Mbooni kuna mahindi, maharagwe, parachichi zinaanguka chini hadi zinaliwa na mbwa. Wao ni Wakamba na sisi ni Wakamba, lakini kwa watu wa Mbooni mtu wa Kyuso ni mtu wa mwolyo tu. Siku yangu ya kwanza katika chumba cha walimu, mwalimu mmoja mnene, mtu wa mizaha, alifunika bakuli la chapati kwa mikono yote miwili akasema, "Jamani, tuchukue zetu kwanza, mgeni ametoka Kyuso!" Walicheka mpaka chai ikamwagika. Hawakuwa na ubaya, najua. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kuanzia siku ile nikajifunza kuacha chakula kwenye sahani. Hata nikiwa na njaa ya kuona nyota, nilibakisha nusu, nikafuta mdomo nikasema, "Nimeshiba kabisa." Kwa Susu pia nilibakisha. Isyo ya mahindi na maharagwe, na parachichi limekatwa juu yake, naiona inarudishwa kwenye sufuria, nami naenda kulala tumbo linalalamika. Mjinga gani huyo! Lakini hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nayo, na niliilinda.

Kabla ya kulala Susu aliomba kwa sauti. Aliwataja wanawe kwa majina. Alianza na mvulana wa Mombasa, kisha yule wa Nairobi, kisha akanyamaza kidogo, halafu kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Na Ndunge, Baba. Na Ndunge." Nilikuwa nalala nikisikiliza juu ya ukuta ule wa mbao kama mtoto anayengoja jina lake liitwe kwenye rejista. Halikuitwa. Jirani aliyekuja kuomba moto asubuhi moja ndiye aliyeniambia Ndunge ni nani: binti wa pekee wa Susu, aliolewa mke wa pili na mfanyabiashara wa ng'ambo ya pili ya mlima, na Susu, akiwa mzee wa kanisa, alikataa kuhudhuria, akakataa mahari, akamwambia asirudi. Ilikuwa imepita miaka minne. Mwendo wa asubuhi moja tu ulikuwa katikati yao na hakuna aliyeutembea.

Jumamosi moja ya Julai niliamka nikakuta Susu amechemsha nduma, yaani magimbi. Julai ya Mbooni si mchezo. Ukungu hushuka Jumatatu ukakaa hadi Ijumaa, nguo haikauki, vidole vinakataa kushika chaki. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na leso juu yake na bado meno yalikuwa yanagongana. Susu alikuwa amepiga magoti jikoni, anafunga nduma kwa jani la mgomba, taratibu, kama anafunga mtoto. Akapanga ndizi mbivu kando, akaweka chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, vyote ndani ya kiondo kipya, kile alichokuwa amekisuka jioni zote zile mbele yangu.

"Mwalimu," akasema bila kuniangalia, "leo hufundishi."

"Sifundishi, Susu."

"Pelekea Ndunge hii. Goti yangu haiwezi mlima, na nikituma mtu wa hapa, kanisa yote itajua kabla ya jioni. Usimwambie kitu. Akiona ataelewa." Akafunga mdomo wa kiondo, akaongeza, "Ukifika pale Mlango, shika njia ya kulia, ya mgongo wa mlima. Usishuke."

Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu sote, Kyuso na Mbooni, kiondo hakitoki nyumbani kwa mtu kitupu na hakirudi kitupu. Mama akikutumia chakula alichopika kwa mkono wake, amekusamehe. Ukikila na kumrudishia kiondo na kitu ndani, hata kama ni kikombe cha maharagwe, nawe umemsamehe. Ukikituma au kukirudisha bila kitu, umemaliza maneno. Haki ya Mungu, nilipokibeba kiondo kile mgongoni nilisikia fahari. Miezi sita nimekaa kwa yule mama kama kiti, na leo amenipa mzigo kama huo.

Nilipanda kupitia mashamba ya matuta, kisha nikaingia kwenye mikaratusi. Mlango ni pengo kati ya vilima viwili, mahali ambapo njia inapita kwenda upande wa pili, na upepo nao unapita hapo hapo. Kabla sijafika, ukungu ukaniziba. Sikuona miguu yangu. Viatu vyangu vya plastiki viliteleza, masikio yaliuma, na kila mti ulinidondoshea maji shingoni. Nilijua nimefika Mlango kwa sababu upepo ulinipiga kifuani nikarudi nyuma hatua mbili. Lakini njia ya kulia iko wapi? Nilipapasa kwa mguu kama kipofu. Nikaita, "Hodi! Kuna mtu?" Sauti yangu ikaenda ikapotea. Halafu nikasikia maji yanatiririka mahali fulani chini, na hapo ndipo akili ya Kyuso ilinidanganya. Kwetu ukipotea, tafuta mto. Mto wetu ni mchanga mtupu, lakini ndio barabara yetu; utashuka kwenye mchanga, utatembea, na lazima utawakuta wanawake wanachimba maji, punda wanangoja, mtu wa kukuonyesha njia. Tangu utoto ndivyo nilivyofundishwa. Basi nikashuka. Nikaufuata ule mto wa Mbooni nikiwa na hakika kabisa kwamba nimeokoka.

Mto wa milimani hauna watu. Watu wote wako juu, kwenye migongo ya vilima, na maji yanaenda chini peke yake. Nilishuka kwenye mawe yenye utelezi na miiba, nikaanguka nikachubuka goti, nikalowa hadi kiunoni, na baada ya muda mrefu maji yakafika kwenye mwamba yakaruka chini, na mimi nikasimama pale ukingoni nikisikia yanavyopiga huko chini ambako sikuweza kuona. Nilirudi nyuma. Nikajaribu kupanda upande mmoja, nikakwama. Nikajaribu mwingine. Sikujua ni saa ngapi, kwani hapakuwa na jua. Mwishowe nikajibana chini ya jiwe, nimekumbatia kiondo tumboni, natetemeka hadi siwezi kufunga mdomo. Sijawahi kuwa peke yangu vile, na nimeshafiwa na mume. Niliwaza kwamba nikifa pale, watakaonitafuta ni wale wanaotaka madaftari yao.

Nduma zilikuwa bado na joto kidogo. Nilizisikia kupitia kwenye jani. Nilikuwa nimebakisha nusu ya chakula changu jana yake, na juzi, na kila siku tangu Januari. Nikajiambia, moja tu, hawezi kujua zilikuwa ngapi. Nikala moja. Nikala ya pili. Kisha sikuhesabu. Nilikula nikilia, nikala ndizi zote, nikanywa maziwa hadi povu, nikalamba hata jani. Nilipomaliza nikasikia joto linaingia mikononi, nikaweza kusimama, na sitaki kudanganya mtu: chakula kile kiliniokoa maisha. Nilipanda polepole kwa mikono na magoti hadi Mlango, ukungu ukawa umepasuka kidogo, na njia ya kulia ilikuwa pale pale, hatua kumi kutoka mahali nilipokuwa nimesimama asubuhi.

Njiani nilipanga uongo. Jani na chupa nikavitupa vichakani. Nitanunua mkate nitie ndani. Lakini kioski cha kwanza kilikuwa kimefungwa, mwenyewe ameenda soko la Kikima, na hakukuwa na kingine. Ilikuwa yapata saa kumi nilipofika kwa Ndunge. Alikuwa mwanamke wa kama miaka ishirini na minane, mjamzito, anapepeta maharagwe uani. Aliniona mgeni, akatabasamu, kisha akakiona kiondo. Alijua mkono uliokisuka. Akaacha ungo chini, maharagwe yakamwagika, akaja akikimbia na lile tumbo lake, akanitoa kamba begani kabla hatujasalimiana. Aliingiza mkono. Akautembeza huko ndani, pande zote, hadi chini. Akautoa mtupu.

"Umetumwa na mama?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Na hii ndiyo alituma? Hivi?"

Ningesema pale. Ilikuwa sentensi moja tu: nilipotea nikakila. Angecheka, angenigombeza, angenipa uji, na mambo yangeisha. Lakini nilisikia kicheko cha chumba cha walimu. Nikamwona yule mwalimu mnene amefunika chapati. Msichana wa Kyuso ametumwa na chakula, akakila chote njiani! Hadithi hiyo ingefika shuleni Jumatatu na isingetoka hadi kiyama. "Ndiyo," nikasema. "Hivyo hivyo."

Ndunge alikaa chini pale uani, juu ya maharagwe yake. Hakulia. Baadaye aliniweka karibu na moto, akanipa gauni kavu, akanipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na mimi, niliyekuwa bado nimejaa nduma za mama yake, nikabakisha nusu nikasema nimeshiba. Asubuhi alinirudishia kiondo kimekunjwa. "Mpe kitu yake," akasema. Kisha akanifunga leso vizuri shingoni, kwa sababu kulikuwa na baridi, na hilo ndilo liliniumiza kuliko yote.

Susu alikuwa amekaa mlangoni. Alinyoosha mkono kabla sijasema hodi, akakikunjua kiondo, akapapasa ndani.

"Alikula?"

"Alikula, Susu."

"Zote?"

"Zote."

Alitikisa kichwa mara moja. "Mwalimu, chakula iko kwa sufuria," akasema, akaingia ndani. Jioni ile nilisubiri maombi nikiwa nimevuta blanketi hadi machoni. Akamtaja wa Mombasa. Akamtaja wa Nairobi. Akanyamaza pale alipozoea kunyamaza, na kimya kikaendelea, kikaendelea, hadi nikasikia kitanda chake kikilia akiinuka. Hakulitaja jina. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilijiambia kesho nitasema. Kesho ikifika, nasema kesho. Wiki ya tatu, Jumatano, alinyamaza pale pale, halafu akasema, "Na Mumbua, Baba. Huyu mtoto wa watu. Na Mumbua." Mumbua ni mimi.

Watu wangefikiri hapo ndipo ningelia nikakiri kila kitu. Ng'o! Nilifurahi. Nililala kule gizani nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, wala siku ya harusi yangu. Kesho yake aliniita kwa jina. Kesho kutwa alinigombeza kwa kubakisha chakula: "Kula, mwanangu! Hapa hakuna mtu anahesabu." Nikala nikamaliza. Tulianza kuzungumza. Alinifundisha kusuka, akanisimulia ujana wake, akanichekesha kuhusu pasta, na baridi ya mwezi wa nane ilinikuta nimelala chumbani kwake, mgongo wangu kwenye mgongo wake. Kila siku ya wema ule ilinifungia mdomo zaidi. Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu ya njaa. Baadaye, na hili ndilo nililoshindwa kulisema kwenye maikrofoni, nilinyamaza kwa sababu nafasi ya Ndunge ilikuwa na joto na mimi nilikuwa nimeketi ndani yake.

Desemba nilipata nafasi ya chuo cha ualimu nikaondoka. Susu alifariki mwaka wa tatu baada ya hapo. Kwenye mazishi Ndunge alikuja na watoto wawili, akasimama mbali na familia. Tulipomaliza kurudisha udongo alinifuata, akanishika mikono yote miwili. "Nilisikia ulimkalia mama vizuri," akasema. "Nilisikia alikuita mwanangu. Asante, dada. Mimi nilishindwa." Tangu siku hiyo akawa ananiita dada, alikuja harusi yangu, alikuja nilipofiwa. Unajua nilimjibu nini pale kaburini? Nilimwambia, "Si kitu."

Nilipofika hapa kuandika niliweka kalamu chini nikampigia Mwende, binti mkubwa wa Ndunge, yule ambaye mama yake alikuwa na mimba yake siku ile uani. Ana kazi nzuri Nairobi. Nilimwambia yote, ukungu, mto, nduma, kila kitu, bila kupumua. 

"Anti," akasema, "Mum alikuwa anatuambia hiyo stori ya kiondo. Kila Krismasi tukiuliza mbona hatukuwahi kwenda kwa Susu, alikuwa anatuambia hiyo."

"Najua, mwanangu. Pole."

"Mimi sikuwahi ona Susu. Niliona jeneza."

"Pole sana, Mwende."

"Mum amekufa. Susu alikufa kitambo." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Sasa, Anti, hii umeniambia nifanye nini nayo?"

Kabla sijajibu, akasema yuko kazini, kuna mtu anamngoja, atanipigia jioni.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo ni Jumamosi.